Maikrofoni za mikutano zisimeze maneno ya wananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie maikrofoni za mikutano, kazi ambayo ndiyo inayonilisha. Majuzi niliketi kama msikilizaji katika mkutano wa mgogoro wa mipaka ya mashamba, mezani kukiwa na maikrofoni 8, zote wazi. Spika zilipoanza kupiga mluzi, fundi alizishusha zote kwa mkupuo, na bibi mmoja ambaye zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika akazungumza hadi mwisho bila sisi wa viti vya nyuma kuambulia neno. Mwenyekiti alimwambia, "Bibi, sauti," naye akainama hadi ukingo wa kanga yake ukaigusa maikrofoni. Kilichoniuma ni kwamba miksa, yaani mtambo unaochanganya sauti za maikrofoni zote, iliyokuwa mbele ya fundi ilikuwa na uwezo wa kupandisha na kushusha maikrofoni yenyewe, nao haukuwashwa.

Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka maradufu, fundi hupoteza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) za nguvu anayoweza kupandisha kabla ya mluzi, kwa hiyo zikiwa 8 hasara hufika desibeli 9. Njia aliyoibuni Dan Dugan wa Marekani katika miaka ya 1970 huondoa hasara hiyo kwa kugawana: miksa hulinganisha sauti ya kila maikrofoni na jumla ya zote, kisha huipa kila moja fungu lake, hivyo anayezungumza peke yake hupata karibu fungu lote, na wawili wakizungumza kwa nguvu sawa kila mmoja hushushwa desibeli 3.

Ipo aina nyingine ya miksa, inayofungua na kufunga kila maikrofoni kama mlango. Kiwango chake cha kufungulia kikiwekwa juu mno, mwenye sauti ndogo hafunguliwi kabisa, au humezwa silabi ya kwanza. Kwa Kiswahili jambo hili ni zito, kwa sababu ukanushi wetu hukaa mwanzoni mwa kitenzi: mwananchi akisema "hatukubali" na "ha" ikamezwa, ukumbi na kinasa sauti cha katibu vitapata "tukubali." Ndiyo maana kwa mikutano ya aina hii mimi huchagua ile ya kugawana.

Kuipanga kunataka utaratibu. Uwezo huo wa kugawana uwe umezimwa kwanza, kila maikrofoni ijaribiwe na mtu aliyekaa pale pale atakapokaa msemaji, geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) zisawazishwe, mngurumo wa chini ya hezi 100 ukatwe, feda zote, yaani vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, zilale mstari mmoja, ndipo uwashwe. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni fundi kuwasha kwanza, kisha kumpandishia geini yule asiyesikika. Matokeo yake maikrofoni hiyo hunyang'anya fungu la wenzake kwa mvumo wa feni ya darini tu. Muziki na sauti ya kompyuta visiingizwe kabisa katika mgawo huo. Wala mtambo haumsaidii msemaji aliye mbali na maikrofoni, kwa hiyo isogezwe hadi ibaki kama shubiri moja kutoka kinywani.

Nawaomba wenye kumbi na wanaoandaa mikutano wampe fundi muda wa kufanya hayo kabla watu hawajaingia, na jaribio la mwisho lifanywe na mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote, huku fundi akiwa amesimama safu ya nyuma.

Fundi mitambo, Dar es Salaam