Barua kwa Neema, kabla hajaanza kuruka

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Neema,

Picha ya sare yako ya urubani nimeiona. Umependeza, na ile mistari ya begani imekukaa kama uliyozaliwa nayo. Nilimwonyesha Mama, akapiga kigelegele mpaka mboga ikashika chini ya sufuria.

Umenitania kwamba mimi fundi ninayezipasua ndege matumbo nikwambie ni kifaa gani ninachokiogopa. Nimetafuta jibu la utani sikulipata. Vyuma vinalala vyema tu. Kinachonikosesha usingizi ni Douala.

Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilitoka Abidjan, ikapitia Douala kule Kameruni, ije Nairobi. Iliruka saa sita usiku imepita kidogo, mvua na radi. Dakika mbili hazijatimia ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko, kama kilomita 5 na nusu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Watu 114, hakusalia hata mmoja. Sisi wa Tanga mikoko tunaijua: ukiingia hatua kumi, aliye nje hakuoni. Mabaki yalionekana karibu siku mbili baadaye.

Ndege ilikuwa ikielemea kulia, kidogo tu. Kapteni akawa anairekebisha kwa mkono, kisha akatamka otopailoti, ile mashine inayoiongoza ndege yenyewe, iwashwe. Rubani msaidizi hakuitikia, na otopailoti haikuwaka. Kapteni akaachia akijua mashine imeshika. Sekunde 55 ndege ile haikuwa na mwenyewe. Hebu weka barua chini, uhesabu moja hadi 55 polepole.

Kwa nini hawakuhisi inalala? Sikio, shoga. Maji ya kwenye vimirija vya sikio la ndani hushtuka ukigeuka ghafla. Ukiinamishwa taratibu yanatulia, na mwili unakuapia kwamba umekaa wima. Gizani hakuna upeo wa macho wa kukusuta. Kuna vipimo tu, na vile vipimo havikuangaliwa. King'ora cha kuonya kwamba ndege imelala mno kilipolia, kapteni alishtuka akakata usukani kulia, kule kule ilikokuwa ikielekea, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi 23. Wachunguzi waliandika kwamba wawili wale hawakushirikiana inavyopasa, na kwamba mkubwa alikuwa mtu wa amri kwa walio chini yake. Tena waliruka bila kupewa ruhusa na mnara wa kuongozea ndege.

Yule kijana namwelewa kuliko ninavyopenda. Mwaka wangu wa kwanza kazini (mahali nisipopataja), zamu ya usiku, fundi mkubwa alitia saini kadi ya kazi, kwamba kazi imekamilika, kabla ya kurudi kukagua kifuniko kimoja chini ya bawa. Nilimwona. Nilikuwa nimeshika tochi, na sentensi nzima ilikuwa mdomoni: "Samahani mzee, naona kama vile..." Nikaimeza. Amenizidi miaka ishirini na chai ya usiku ananinunulia yeye. Asubuhi rubani akizunguka ndege akakuta skrubu mbili zinacheza. Hakuna aliyeumia. Mzee akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Usidhani ni ugonjwa wa watu wa shikamoo peke yetu. Machi 27, 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa kisiwa cha Tenerife, Uhispania, Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan American ya Marekani, ziligongana, wakafa watu 583. Kapteni wa KLM ameshaanza kukimbiza ndege, injinia aliyekaa nyuma yake akauliza: kwani yule wa Pan American hajatoka njiani? Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba katoka, na mambo yakaishia hapo. Aliuliza, Neema. Neno "simama" halikutoka.

Huko mtafundishwa haya darasani, maana Wamarekani waliyatungia mafunzo baada ya DC-8 kuishiwa mafuta juu ya Portland mwaka 1978, kapteni akihangaika na magurudumu. Lakini mwalimu wako atakufundisha kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza mtu mzima anaitwa "wewe" kama mtoto. Mtihani wako utakuja kwa Kiswahili, na kapteni wa rika la baba yako aliyekuulizia hali ya mama asubuhi hiyo. Sisi kumwambia mkubwa kakosea tunapita uani kwanza: samahani, sijui kama nimeona vizuri, labda macho yangu. Hapo sekunde kumi zimekwenda.

Shikamoo mpe, tena ya kuinama. Mlango ukishafungwa, mwite Kapteni, useme namba unayoiona kwenye kipimo, kisha useme afanye nini.

Njoo Jumamosi tujaribu. Mimi nitakuwa kapteni mkali, kazi yako ni kunikatisha. Mama amekubali kuwa mnara, ila anasema ruhusa hatoi mpaka tule.

Wako,
Zuhura