Kwa Nini Mafundi Hung'oa Sailensa ya Drili ya Upepo

Drili nyingi za upepo tunazoletewa hazina sailensa, kile kifaa cha kupunguza kelele ya upepo unaotoka. Ukimuuliza fundi, atakwambia iliifanya mashine ikose nguvu, akaing'oa. Malalamiko hayo ni ya kweli, na kumlazimisha airudishe ile ile hakusaidii.

Sehemu kubwa ya kelele hutokea kwenye tundu la kutolea upepo. Upepo wenye presha ya bar 6 hivi ukishaisukuma pistoni hufunguliwa nje ghafla, ukatanuka kwa kishindo, na drili ya mwamba huweza kupiga mara 2,000 kwa dakika. Masikioni mwa anayeishika, kelele huweza kupita desibeli 110. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza mtu asizidishe desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda upunguzwe nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Kwa 110, hata dakika 2 hazifiki.

Sailensa hufanya kazi kwa kuupa upepo nafasi ya kutanuka kabla haujatoka, ndiyo maana sisi huanza na ukubwa wake. Ikiwa ndogo, upepo hukwama, hurudi kuibana pistoni, na mapigo yakalegea. Ukijumlisha matundu yake yote, yasiwe na nafasi ndogo kuliko tundu la kutolea upepo la drili yenyewe.

Tatizo jingine ni barafu. Upepo ukitanuka hupoa mno, na ukiwa na unyevu, maji huganda kwenye sailensa hata jua likiwa kali. Drili huanza vizuri, huchoka, kisha ikipumzishwa hupata nguvu tena. Usikimbilie kuifungua! Mwaga kwanza maji ya tangi la kompresa, ufunge na kichujio cha maji kwenye laini ya upepo.

Kwa drili ndogo za karakana, tunapenda zaidi kufunga mpira wa pili unaopeleka upepo uliotumika mbali na fundi. Ukungu wa oili nao haumfikii usoni.

Sailensa haizuii mlio wa chuma kinachogonga mwamba, kwa hiyo vizibo vya masikio vibaki palepale. Ukituletea drili, tutajie presha ya kompresa yako na kipenyo cha mpira. Tutaipima nguvu kabla ya kufunga sailensa na baada ya kuifunga, nawe ukishuhudia.