Nilimchapa mwanangu kwa kosa la maji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa narudi nyumbani Maji ya Chai kwa Hiace kutoka mjini Arusha, tumebanana wanne wanne kwenye viti vya watatu. Pale Tengeru akapanda binti wa kama miaka kumi na minane. Konda alipomdai nauli, binti akamjibu kwa tabasamu kwamba anashukia Usa, na hapo meno yake ya juu yakaonekana. Konda akapaza sauti gari zima lisikie: "Dada, mswaki mia tano tu dukani!" Watu wakacheka. Binti akaziba mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka aliposhuka.

Tulikaa bega kwa bega, kwa hiyo nilimwona vizuri. Meno manne ya mbele yamekatizwa na michirizi ya kahawia, na ndani ya michirizi hiyo kuna vishimo vidogo vidogo, kama punje za mahindi zilizoguswa na dumuzi. Ufizi wake ulikuwa umechubuka kwa juu. Ufizi huchubuka hivyo kwa mtu anayesugua asubuhi na jioni akitafuta kuondoa kitu kisichoondoka. Naujua ufizi huo, nimeulea nyumbani kwangu.

Robo saa kabla ya hapo, mzee mmoja alimlalamikia konda huyohuyo kwa kujaza abiria. Alijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee wangu, naomba unisamehe, ni hesabu ya bosi. Nisipoifikisha, kesho gari anapewa mwingine." Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Alipojieleza mwenyewe, alituonyesha bosi, hesabu na kesho yake. Alipofika kwa yule binti akaona uvivu tu, wala hakujiuliza amelelewa wapi na amekunywa maji gani.

Nilimsimulia mwanangu wa kwanza, ambaye alisomea ustawi wa jamii. Akaniambia jambo hili limechunguzwa siku nyingi. Mwaka 1967 huko Marekani, wanasaikolojia Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi wasome insha za kumuunga mkono Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, na nyingine za kumpinga. Wasomaji wengine waliambiwa wazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa. Hata hivyo walioona insha ya kumsifu Castro walielekea kuamini kwamba mwandishi anampenda kweli. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross akalipa jina, "kosa la msingi katika kueleza sababu": tukimtazama mwenzetu tunakimbilia tabia yake, na yale yanayomzunguka tunayapunguzia uzito, hata tukiwa tumeambiwa.

Mimi sikuwa nimeambiwa, lakini hilo halinifariji.

Nina mabinti wawili. Wa kwanza alilelewa na mama yangu Machame tangu alipoachishwa ziwa hadi alipofika miaka tisa, akinywa maji ya mfereji unaoshuka kutoka Mlima Kilimanjaro. Wa pili nilibaki naye hapa. Tumbo moja, dawa ya meno ileile, mama yuleyule anayesimama mlangoni na kuuliza "umepiga mswaki?" Wa kwanza ana meno meupe. Wa pili yalianza kuota ya ukubwani yakiwa tayari na madoa. Shangazi zao wakasema bibi wa Machame ndiye anayejua kufundisha usafi, na mimi nimelegea. Nikalipokea neno hilo likaniuma, na uchungu wangu nikaumalizia kwa mtoto. Nilimsimamia asugue kwa majivu. Nikajaribu mkaa uliosagwa. Siku moja alipolia kwamba anatoka damu, nilimchapa, nikamwambia ananidanganya. Alikuwa na miaka minane.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kati ya watoto wale wawili kilichotofautiana ni bomba. Hata jirani yangu wa kulia, ambaye watoto wake sita wote wana madoa, sikuwahi kujiuliza imewezekanaje watoto sita wa nyumba moja, na wa nyumba ya pili na ya tatu, wote wawe wavivu kwa namna ileile.

Nilifunguliwa macho na maelezo ya kule Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, ambako mifupa ya ng'ombe inachomwa mpaka inakuwa mkaa, kisha maji yanapitishwa humo ili mkaa ushike floraidi. Madini haya yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Hayana rangi wala harufu, kwa hiyo rangi ya mto wetu inayofanana na chai siyo inayotuonyesha yalipo. Kuyachemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Na hili ndilo lililonikata maini: doa linaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, katika miaka ya utotoni, kabla halijachomoza. Mtu mzima akihamia hapa leo meno yake yatabaki kama alivyokuja nayo. Mtoto akiondoka hapa akiwa na miaka kumi anakwenda na doa lake popote, Dodoma, Dar es Salaam, na kila atakakokwenda ataulizwa habari ya mswaki.

Sisemi kwamba hakuna watu wasiopiga mswaki. Wapo. Lakini uchafu ukisuguliwa unatoka, hili halitoki, na tofauti hiyo inaonekana na yeyote atakayejipa dakika moja kabla ya kusema.

Tena afadhali meno. Kuna mtoto wa jirani ambaye magoti yake yamepinda mpaka anatembea kama anayevuka tope. Nimeyasikia maelezo ya kila aina. Wengine walisema mama yake ana mkono mzito wa kumpa uji. Wengine wakasema ni dhambi ya baba inamfuata, na wapo walioapa kwamba amelogwa, kwa kuwa mbona dada yake yuko sawa? Mimi nilisema kwenye jumuiya, mbele ya akina mama wenzangu, kwamba mama yake alikuwa anambeba vibaya mgongoni. Nililisema kwa uhakika kama mtu aliyeona. Mama yule aliacha kuja jumuiya. Ilichukua miaka ndipo nikajua kwamba floraidi ikizidi sana inaingia mpaka kwenye mifupa, na kwamba nyumba yao ilikuwa inatumia kisima cha uani na kupikia makande kwa magadi karibu kila siku, na magadi nayo yana floraidi. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, hakusema neno juu ya jambo hilo. Sijui kama amenisamehe.

Hili swali la "mbona dada yake yuko sawa" ni swali zuri, wala tusiwadharau wanaoliuliza. Ubaya ni kulijibu kwa haraka. Dada mtu aliishi wapi akiwa mdogo? Alikunywa kiasi gani? Alikula nini? Maswali haya yanahitaji mtu aende akaulize, ilhali kwamba mtu fulani ni mvivu, mchoyo au mchawi unaweza kusema ukiwa umekaa.

Binti yangu wa pili ana stashahada. Alikwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya watalii, sitaitaja. Aliniambia maswali yalikwenda vizuri mpaka alipocheka, kisha mama aliyekuwa akimsaili akamwambia kwa upole kwamba wanatafuta mtu nadhifu. Alirudi na gauni nililomshonea mwenyewe, limenyooshwa kila mshono, akalitundika na hakuzungumza hadi usiku. Nawaomba wanaosaili vijana mkoani Arusha na Kilimanjaro: wazaliwa wa huku mnawajua, mkiona doa hilo ulizeni alikulia kijiji gani.

Ombi langu la pili ni kwa wanaosimamia maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Nchi yetu zamani ilivumilia 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, na sasa nayo inadai 1.5. Kushusha kiwango ni hatua kubwa na nawapongeza. Lakini namba hizo ziko kwenye makaratasi, wakati mimi na ndoo yangu tuko kwenye kilula, bomba letu la watu wote.

Mjukuu wangu, mtoto wa huyu binti wa pili, ana miaka minne. Meno yake ya utoto ni meupe. Ya ukubwani yako ndani ya fizi, yanajengwa sasa hivi ninapoandika. Namnywesha na kumpikia kwa maji ya mvua, ila simtangi letu ni la lita elfu moja na kwa mwaka wa kawaida linakauka kabla ya Septemba, vuli ikiwa bado. Nikitoka uani kuna vilula viwili, kimoja juu ya barabara na kingine chini karibu na shule. Naomba floraidi ya kila kimoja ipimwe na namba iandikwe kwa rangi pale pale kwenye zege, niijue njia ya kushika na ndoo.

Mama fundi cherehani,
Maji ya Chai, Arumeru