Kabla ya kikao cha bodi Jumamosi
Wapendwa habari zenu, naombeni msome hii kabla hatujakutana. Sisi wadhamini, yaani wajumbe wa bodi ya mradi wetu wa kufundisha watoto baiskeli, hatulipwi, hilo mnalijua, ila juzi mmoja wetu kauliza mbona hela ya helmeti inachelewa, sasa ni hivi, malipo yanataka saini mbili, na muuzaji akiwa ndugu wa mjumbe basi huyo mjumbe anatoka nje wakati tunaamua, hapo hatuparuki kabisa maana hizo hela watu wametoa kwa ajili ya watoto. Na mkufunzi mpya, hata awe rafiki yangu wa miaka, hashiki siti ya baiskeli ya mtoto mpaka rekodi yake ikaguliwe, na habaki peke yake na mtoto. Mweka hazina, risiti za breki na tyubu njoo nazo zote tafadhali.