Risala ya kikundi cha familia zinazouguza wagonjwa wa akili kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dar es Salaam, Oktoba 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, masheikh na wachungaji wetu, wazazi, walezi, nanyi ndugu zetu mnaotumia dawa, ambao ndio mliopanga viti hivi tangu alfajiri: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha katika Siku hii ya Afya ya Akili Duniani. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kwetu. Tulikutarajia saa tatu, lakini foleni ya jiji hili tunaijua, na mgeni ni baraka hata akifika saa sita.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama watatu waliokutana kwenye benchi la kliniki, kila mmoja akidhani msiba ule ni wa nyumbani kwake peke yake. Leo tuko 27. Mafanikio yetu ni makubwa: tunao mfuko wa kukopeshana, turubai moja, viti vya plastiki 40 (viwili vimevunjika miguu), na mradi wa sabuni ya maji unaopanuka kwa kasi, ingawa wateja wake wakuu hadi sasa ni sisi wenyewe. Historia inatosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya ombi letu turuhusu tuueleze ugonjwa wenyewe, maana mmoja wa waliokutangulia katika kiti hicho alitushauri tuwahimize vijana wetu waache uvivu na bangi. Bangi ni kweli inachochea, hatubishi. Lakini watoto wetu wengi hawajawahi kuigusa.

Ugonjwa unaotusumbua zaidi unaitwa skizofrenia. Mtu anasikia sauti ambazo wewe huzisikii, anaamini anafuatwa, mawazo yanakatika katikati. Mara nyingi humkuta kijana akiwa ndiyo kwanza anaanza maisha, miaka ya mwisho ya ujana au ishirini na kitu. Mtaani wanasema karogwa. Wengine wanasema ni wa ukoo, wakivunja uchumba kwa sababu hiyo. Wa kwanza wamekosea, wa pili wamepatia nusu.

Urithi upo, tena ni mkubwa. Lakini mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaumwa, uwezekano wa kuugua ni kama asilimia 10, yaani tisa katika kumi wanapita salama. Hata pacha wa kufanana, ambao damu yao ni moja, mmoja akiugua si lazima mwenzake augue; zaidi ya nusu hawaugui. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua. Mvua hiyohiyo inanyesha Upanga na inanyesha kule bondeni Jangwani, ila ni Jangwani ndiko maji yanakoingia hadi kitandani. Na bondeni nako, mwaka ambao mvua ni ya wastani na mitaro iko wazi, watu wanalala pakavu.

Mwaka 1977 wataalamu Joseph Zubin na Bonnie Spring waliliandika jambo hilo: udhaifu wa kurithi upande mmoja, misukosuko ya maisha upande wa pili, na ugonjwa unazuka viwili hivyo vinapokutana vikazidi uwezo wa mtu. Ufini wakafuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye ugonjwa huu, wakalelewa na familia nyingine. Waliolelewa kwenye nyumba tulivu waliugua kwa nadra kuliko waliolelewa kwenye vurugu. Na kule Uingereza, kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown alionyesha kwamba mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali akarudi kwenye nyumba ya kufokewa na kusimangwa, anaugua upya upesi. Hilo lilituuma sisi walezi. Tumejifunza kupunguza sauti. Si wote, lakini tunajitahidi.

Mwenyekiti aliniambia hapa niruke, Mheshimiwa, lakini nitasoma. Mdogo wangu alikuwa anaendesha bajaji ya mkataba. Baba akafariki mwezi Februari, mwezi wa nne mwenye bajaji akaichukua kwa deni la wiki tatu. Mdogo wangu akakaa siku tano hajafumba jicho. Siku ya sita nilimkuta amefungua redio yote kwa bisibisi, betri zimepangwa sakafuni kama mpunga unaokaushwa, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, huyu mtangazaji ananitaja jina." Baba mkubwa wetu, ambaye hatukuwahi kuambiwa aliugua nini, naye alifia akiwa anaongea na ukuta.

Tulizunguka kwa waganga, tukauza kabati. Kisha akaanza sindano ya mwezi, ile ya kuchoma kwenye makalio mara moja kila wiki nne. Mwaka mzima alikuwa mtu. Alirudi kuosha bajaji za wenzake, akaanza kunitania. Halafu zahanati tukaambiwa sindano hakuna. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ijayo tukaambiwa tujaribu mjini, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kule tukaandikiwa tukanunue. Mwezi wa pili bila sindano, alipigwa stendi akidhaniwa mwizi kwa sababu alikuwa anachungulia madirisha ya magari akitafuta anayemwita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, damu hatuwezi kuibadilisha. Kufiwa na madeni Mungu ndiye ajuaye. Mtaro wetu ni sindano, na ndiyo pekee tunayoweza kukuomba.

Mgeni wetu wa kwanza alituambia, "Hili nimelichukua." Tunaamini bado analo. Wa pili alituahidi jokofu la kutunzia dawa, tukapiga vigelegele, tukamvika kitenge. Baadaye muuguzi alitueleza kwamba sindano hii haihitaji jokofu. Inahitaji kuwepo.

Kwa hiyo hatuombi jengo, wala gari, wala semina yenye fulana. Tunaomba sindano ya mwezi iwepo kwenye zahanati yetu kila mwezi, bila mwezi wa kuruka, pamoja na muuguzi mmoja aliyefundishwa kuichoma na kumfuatilia mgonjwa ambaye hajaja. Orodha ya wanaoihitaji ipo, imeandikwa kwa mkono, majina 19, na tarehe ya kila mmoja kuchomwa. Ikikosekana, tunaomba tuambiwe wiki mbili kabla, si dirishani siku ya siku.

Mheshimiwa, mara hii kitenge hatujanunua, utuwie radhi. Badala yake katibu msaidizi amekuwekea mezani nakala mbili za ombi hili, moja yako na moja yetu. Chini kuna mstari wa sahihi na mstari wa tarehe ambayo sindano zitaanza kufika. Kalamu iko pembeni ya maji ya kunywa.

Tunaomba kuwasilisha.