Samaki waondoke mchangani kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba samaki wa Mtwara wataendelea kuoza mpaka kila kijiji cha pwani kipate chumba cha barafu. Mimi ni bwana samaki mstaafu. Nilisoma Mbegani, Bagamoyo, enzi chuo kile kikisaidiwa na Wanorwei, kisha nikapelekwa kwao, na tangu Januari hadi Juni nikakaa katika kisiwa cha Røst.

Røst kiko mwisho kabisa wa visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei, kilomita zipatazo 100 kutoka bara. Wakazi wake ni kama 500, na ardhi yao ni tambarare kiasi kwamba mnazi mrefu wa Mikindani ungezidi mwinuko wao wote. Lakini mnazi wataupata wapi? Hata mti wa kuni hakuna. Desemba mchana ni mwanga hafifu wa saa chache, ila Juni jua halizami, na watoto hucheza mpira saa sita usiku bila mtu kuwagombeza.

Utajiri wao ni samaki aitwaye kwa Kiingereza "cod", yule ambaye ini lake hutoa mafuta ya samaki. Kila majira ya baridi anakuja kutaga mayai Lofoten kutoka Bahari ya Barents. Akifika nchi kavu hutumbuliwa, hukatwa kichwa, hufungwa wawiliwawili kwa mikia na kuanikwa juu ya vichanja vya miti mirefu inayoletwa kwa meli. Hakuna chumvi wala umeme, ni upepo tu, tangu Februari mpaka Mei hivi. Watoto wa shule nao hukata ndimi za vile vichwa na kuziuza. Wana pesa kuliko nilivyokuwa nayo mimi. Vichwa vyenyewe hukaushwa vikapelekwa Nigeria.

Kilichonishangaza zaidi ni mzee mmoja aliyekuwa akipanga samaki waliokauka. Anamshika mmoja, anambonyeza mgongo, anachungulia shingoni palipokatwa, ananusa, anamtupa kwenye fungu lake. Mafungu yalikaribia 20, na kila moja lilikuwa na bei yake na mnunuzi wake. Wale bora huenda Italia, na biashara hiyo ni ya karne nyingi. Sisi korosho tunazipanga kwa madaraja, hata mkulima wa Newala asiyejua kusoma anajua daraja la pili litamkata shilingi ngapi. Ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa, je? Mzuri na mbovu wanaingia gunia moja.

Najua nitaambiwa kule ni baridi. Kweli. Wakati wanaanika, hewa inakaribia nyuzi sifuri na nzi hawajatoka. Joto letu linataka chumvi, na masika yanataka turubai. Wala sisemi kule ni peponi: ndege wa baharini waliokuwa wamejaa kwenye milima ya visiwa vya jirani wamepungua vibaya, kwa sababu samaki wadogo wa kulishia makinda wamekuwa adimu.

Lakini hebu msomaji huyo avuke na kivuko hadi Msangamkuu asubuhi. Atawakuta akina mama wameanika mchangani, kuku wanapita juu, na mvua ikinyesha ghafla kila mtu anakimbia na beseni. Samaki akifika Masasi mchanga unalia menoni. Chumba cha barafu hakitamsaidia mama yule, maana hata umeme wake hataweza kuulipia.

Kichanja cha kufika kiunoni kinahitaji mianzi na kipande cha wavu, na nyavu kuukuu zimetapakaa ufukweni. Halmashauri itoe mianzi na turubai kwa vikundi vya akina mama kabla mvua za Desemba hazijaanza. Mikoko isikatwe kwa kazi hii. Kufunga vichanja nitawafundisha mwenyewe, bila posho.

Bwana samaki mstaafu,
Mikindani, Mtwara