Kujipima usomaji wa picha na chati

Habari za jioni wanakikundi. Wiki hii ni ya kujipima. Kila mmoja achukue ile picha ya gazeti tuliyoanza nayo, aisome upya bila kuchungulia maelezo aliyoyaandika mwanzo. Dakika 5 andika unachokiona tu. 5 nyingine, unachodhani kinamaanisha. Ndipo ulinganishe na yale ya mwanzo.

Wengi hukwama kwenye kutenganisha hayo mawili. "Watu wana hasira" ni tafsiri. "Wanaume watatu, midomo wazi, mmoja kanyanyua mkono" ndicho kinachoonekana, na huenda wanashangilia bao. Tazameni pia kingo: bega lililokatwa, kivuli kisicho na mwenyewe. Hapo kuna kitu kimebaki nje ya picha.

Kwenye chati, someni namba za pembeni kabla ya nguzo. Nguzo ya 50 na ya 52, namba zikianzia 48, ya pili huonekana ndefu mara mbili, ilhali ongezeko ni asilimia 4. Zichoreni upya kuanzia 0 mjionee.

Tafadhali msisahihishe maandishi ya zamani, hata yakitia aibu. Ukiyafuta huna cha kulinganisha. Na "nimepiga hatua sana" si jibu. Taja kitu kimoja ulichokiona sasa ambacho mwanzo kilikupita.

Kurasa zote mbili, ya zamani na ya sasa, zifike hapa Ijumaa kabla ya saa 2 usiku. Zitumeni kama dokumenti, maana zikija kama picha za kawaida WhatsApp huzibana na mwandiko mdogo hausomeki.